Faili, hifadhidata, API au ghala: ripoti za biashara uziunganishe na nini?

Ukifungua Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, na kubofya Get data, inashuka orodha ya vyanzo zaidi ya mia: Excel, CSV, MySQL, SharePoint, Web, na majina mengine ambayo wengi wetu hatutayagusa kamwe. Looker Studio ya Google nayo ina orodha yake. Hapo ndipo watu hukwama. Kubofya kila mtu anajua. Tatizo ni kwamba namba ileile ya mauzo ipo sehemu nne: kwenye Excel ya mhasibu, kwenye hifadhidata ya mfumo wa dukani, kwa kampuni ya malipo ya simu, na kwenye faili ambalo bosi alitumiwa WhatsApp juzi. Uchukue ipi?

Nitazipima njia nne: mafaili, hifadhidata ya mfumo wako, API (mlango ambao mfumo mmoja huutumia kutoa data kwa programu nyingine) na ghala la data. Mifano mingi ni ya Power BI kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku, ila mantiki haibadiliki sana ukihamia programu nyingine. Ili tusiongee hewani, chukulia biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi: makao Mwanza, matawi Shinyanga na Musoma, mfumo mmoja wa kuuzia, na wateja ambao wengi wao wanalipa kwa Lipa Namba.

Vigezo

*Masahihisho.* Ankara ikikosewa, nani anaifuta, na anaifutia wapi? Hiki nakipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika. Ripoti ikisoma mahali tofauti na pale pa kusahihishia, itaendelea kubeba kosa ambalo ofisi nzima inaamini limeshaondoka.

*Usasa.* Namba ya jana inatosha, au lazima iwe ya saa hii?

*Gharama na ufundi.* Fedha za leseni, pamoja na mtu wa kuitunza.

*Ikikatika.* Umeme umezimika, nenosiri limebadilishwa, kijana wa IT ameacha kazi. Nani atajua kwamba ripoti imesimama, na atajua baada ya muda gani?

*Inamfaa nani.*

Njia ya kwanza: mafaili (Excel, CSV, Google Sheets)

*Masahihisho.* Faili husahihishwa na yeyote aliyelifungua. Kwa bajeti, malengo ya mauzo ya kila tawi au viwango vya posho, hilo si tatizo. Hakuna mfumo mwingine unaozijua namba hizo, faili ndilo asili yenyewe, liunganishe bila aibu. Mambo hubadilika pale faili linapokuwa limechopolewa kutoka mfumo wa dukani. Hilo ni picha tu. Ankara iliyofutwa leo mchana kwenye mfumo, kwenye faili bado iko hai.

*Usasa.* Kitabu cha Excel ulichokipandisha Power BI kutoka OneDrive hukaguliwa takriban kila saa moja. Looker Studio inayosoma Google Sheets kwa kawaida huhuisha kila dakika 15. Lakini usasa wa faili ni usasa wa mtu: dada wa uhasibu akienda likizo, data nayo imeenda likizo.

*Gharama na ufundi.* Karibu bure, na anayejua Excel anaanza leoleo. Ukomo upo lakini: karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576, na Google Sheets inabeba seli milioni 10 kwa faili zima. Angalia, ni seli, si mistari. Jedwali lenye kolamu 25 linajaa ukifika mistari laki nne. Kwa duka moja ni miaka mingi. Kwa matawi matatu yanayoandika kila msumari uliouzwa, si mingi hivyo. Uingereza walilionja hili mwaka 2020: wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, wa XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikupiga kelele. Iliachwa tu nje.

*Ikikatika.* Ukimya huo ndio tabia ya mafaili, na inafaa niuonyeshe kwa karibu, maana nimeshapoteza Jumamosi kadhaa kwa ajili yake.

Chukua taarifa ya miamala ya simu iliyoshushwa kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo kolamu zake zimetenganishwa kwa mikato. Namba ya mteja ina tarakimu 12, inaanza na 255. Mhasibu anaifungua kwa Excel ili "aangalie tu", na kolamu nzima inageuka 2.55712E+11. Akibofya kuhifadhi, tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. Namba zilizoandikwa kwa kuanza na sifuri nazo zinapoteza sifuri yake. Sasa jaribu kumtambua mteja.

Au tarehe. Faili limeandikwa siku kwanza, mwezi baadaye, kama tunavyoandika sisi, lakini kompyuta iliyolisoma imewekwa kwa mtindo wa Marekani. Siku za 1 mpaka 12 zinapinduka kimyakimya, na za 13 kwenda mbele zinagoma. Ukiona ripoti ya Aprili ina mauzo ya tarehe 4 Desemba, ni tarehe 12 Aprili hiyo, imevaa nguo ya kigeni. Dawa ipo ndani ya Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafishia data: unapobadilisha aina ya kolamu, chagua njia inayotaja nchi ya asili ya tarehe, usikubali ile ya haraka.

Mtego wa tatu: Power Query hukisia aina ya kolamu kwa kutazama mistari 200 ya mwanzo. Namba za ankara zikiwa tarakimu tupu kwa mistari hiyo, kisha tawi la Musoma likaanza kuandika "M-0201", mistari ya Musoma inakuwa makosa. Ikilinganishwa na hayo, mtu akibadilisha kichwa cha kolamu kutoka "Kiasi" kuwa "Kiasi TZS", ripoti inakataa kabisa kuhuishwa. Mimi hilo nalipenda. Angalau linapiga kelele.

*Inamfaa* biashara changa yenye mtu mmoja anayeshika data, kazi ya mara moja kwa mwezi, na namba zisizo na kwao kwingine kama bajeti na malengo. Anayelazimika kunakili na kubandika kila asubuhi ameshaizidi njia hii.

Njia ya pili: hifadhidata ya mfumo wako

*Masahihisho.* Hapa ndipo namba za mauzo zinapozaliwa na ndipo zinapotubu. Keshia akifuta ankara, hifadhidata inajua papo hapo. Kwa kigezo changu kikuu, njia hii inaanza na alama nzuri.

*Usasa.* Kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuvuta nakala: Power BI inabeba data na kuihifadhi kwake, kisha inairudia kwa ratiba. Leseni ya Pro inaruhusu ratiba mara 8 kwa siku na nakala isiyozidi GB 1. Za Premium zinafika mara 48. Ya pili ni DirectQuery, ambapo hakuna nakala. Kila mtu akibofya, swali linatumwa kwenye hifadhidata muda huohuo. Si kila kiunganishi kinairuhusu, kwa hiyo hakikisha cha kwako kwanza, na jibu la swali moja haliruhusiwi kuzidi mistari milioni 1.

Wengi wanavutiwa na ya pili kwa kuwa inasikika kisasa. Piga hesabu kabla. Ukurasa wenye michoro 10 hutuma angalau maswali 10. Mameneja sita wakiufungua saa kumi na moja jioni, hifadhidata inapata maswali 60 kwa mkupuo, saa ileile ambayo foleni ya wateja wa saruji imefika mlangoni na keshia anasubiri risiti itoke. Wateja hawajui DirectQuery ni nini. Wanajua duka lenu liko polepole. Kwa mfumo wa kuuzia unaofanya kazi ya siku, mimi huanza na nakala, na mpaka sasa ni wachache waliorudi kuniomba zaidi ya mara 8.

*Gharama na ufundi.* Leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi tangu Aprili 2025. Kabla ya hapo ilikuwa dola 10. Kama seva iko ofisini, utahitaji lango la kuipitishia data Power BI, programu ambayo Microsoft wameipa jina On-premises data gateway. Yenyewe ni ya bure, lakini inataka kompyuta ya Windows isiyolala. Asiyetaka bili ya leseni anaweza kutazama Metabase, ambayo ni programu huria na inauliza hifadhidata moja kwa moja. Gharama yake inahamia kwenye seva na kwa atakayeisimika.

Mengine mawili. Omba mtumiaji wa hifadhidata mwenye ruhusa ya kusoma tu, asiye na uwezo wa kufuta hata mstari mmoja. Na asikudanganye mtu kwamba njia rahisi ni kufungua mlango wa 3306 wa hifadhidata ya MySQL kwa intaneti nzima ili Looker Studio ipite. Ruhusu anwani zinazohitajika tu. Halafu kuna ujuzi usiouzwa dukani: kujua majedwali yana maana gani. Mifumo mingi haifuti ankara kweli, inaiwekea alama kwamba imefutwa. Asiyeijua alama hiyo atahesabu mauzo yasiyokuwepo, na yale ya majaribio ya siku mfumo uliposimikwa. Muulize aliyewauzia mfumo, tena muulize mapema, kwa kuwa wako wasiotoa nenosiri la hifadhidata hata kwa mwenye biashara.

*Ikikatika.* Ofisi moja niliyowahi kuisaidia iliweka lango hilo kwenye kompyuta mpakato ya keshia. Saa kumi na mbili jioni anaifunga, anaiweka mkobani, anaenda nayo nyumbani. Ratiba ya kuhuisha ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Ijumaa ikashindwa, Jumamosi ikashindwa, Jumapili, Jumatatu. Ikifeli mara nne mfululizo, Power BI huizima ratiba yenyewe. Barua pepe za onyo zilikwenda kwa mtu aliyeacha kazi miezi miwili nyuma. Dashibodi haikuwa na rangi nyekundu wala kengele. Iliendelea kuonyesha namba za Alhamisi, zimetulia, na mkurugenzi akazitumia wiki nzima. Tangu siku hiyo kila ripoti ninayotengeneza ina tarehe na saa ya data ya mwisho, kwa herufi kubwa, juu kabisa.

*Inamfaa* biashara ambayo mauzo yake yote yanapita kwenye mfumo mmoja, ina umeme wa akiba kwa kompyuta ya lango, na ina mtu anayeweza kusoma SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, hata ya kuokoteza.

Njia ya tatu: API ya mfumo wa wengine

*Masahihisho.* Kuna namba ambazo hazisahihishwi kwako hata kidogo. Muamala wa simu uliorudishwa kwa mteja unajulikana kwanza kwa kampuni ya simu. Takwimu za vituo vya afya zilizoingizwa DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, zinarekebishwa humohumo. Kwa data kama hizo API ndiyo mlango wa mbele. Faili ni dirisha.

*Usasa.* Hapa matarajio huwa makubwa kuliko hali. DHIS2 kwa mfano, takwimu zake za uchambuzi husomwa kutoka majedwali yanayojengwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Aliyeingiza data asubuhi asishangae kutoiona mchana, API haijakosea. Kwa malipo ya simu kuna jambo jingine: huduma ya kupokea malipo ya wateja kwenye Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom ya Kenya, haingoji uiulize, inakutumia taarifa kila malipo yanapoingia. Programu ya ripoti haina masikio ya kuipokea. Lazima kuwe na seva yako katikati inayosikiliza na kuandika kwenye hifadhidata, na ukishafika hapo umerudi njia ya pili. Wengi hugundua hili wakiwa wameshamlipa fundi.

*Gharama na ufundi.* Hii ndiyo njia inayotaka fundi kuliko zote. Tokeni ya Daraja, ufunguo wa muda wa kuingilia, inaishi sekunde 3599, yaani chini kidogo ya saa moja, kisha unaomba nyingine. Majibu huja kurasa kwa kurasa: DHIS2 usipoiambia vinginevyo, kwenye orodha inakupa 50 kwa ukurasa. Ukiona ripoti ya mkoa mzima ina vituo vya afya 50 kamili, usiwapongeze waliohesabu. Fundi amesoma ukurasa wa kwanza tu.

*Ikikatika.* Mwenye mfumo akibadilisha toleo, wewe ndiye wa mwisho kujua. Na kuna saa. API nyingi hutoa muda wa UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Unaweza kuipangia Power BI ratiba kwa saa zetu, kwenye orodha imeandikwa Nairobi, lakini fomula ya TODAY, inayotoa tarehe ya leo, ikishapandishwa mtandaoni bado inahesabu kwa UTC. Kwa duka linalofunga saa moja jioni haina uzito. Kwa kituo cha mafuta kinachouza usiku kucha, lita zote zilizouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku zinahamia siku iliyopita, na zamu ya usiku inagombana na ripoti kila mwisho wa mwezi.

Jingine ni majina na namba za simu za wateja zinazokuja pamoja na miamala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Kama bosi anataka jumla ya malipo kwa tawi, kata kolamu ya simu hukohuko mwanzoni.

*Inamfaa* taasisi ambayo data zake zinakaa kwa wengine, na yenye fundi wa kudumu au mkataba wa matengenezo unaoeleweka. Fundi wa kupita atakuachia kitu kizuri kwa miezi mitatu.

Njia ya nne: ghala la data

Hapa unakusanya yote, mauzo, miamala, bajeti, kwenye hifadhidata ya pekee kwa ajili ya ripoti tu. Inaweza kuwa PostgreSQL kwenye seva ya kukodi au BigQuery ya Google.

*Masahihisho.* Humu hasahihishi mtu. Anayerekebisha namba ndani ya ghala ametengeneza ukweli wa pili, na usiku upakiaji ukija utaufuta au, vibaya zaidi, utauacha. *Usasa* ni wa ratiba ya kupakia, kwa kawaida namba za jana.

*Gharama na ufundi.* BigQuery inatoa bure TiB 1 ya maswali kwa mwezi na GiB 10 za kuhifadhi, kiasi ambacho biashara yetu ya Mwanza itachukua muda kukimaliza. Inatoza kwa ukubwa wa kolamu ilizosoma. Kuandika LIMIT 10 (nipe mistari 10 tu) mwishoni mwa swali hakupunguzi bili, kutaja kolamu unazozihitaji ndiko kunapunguza. Gharama kubwa ni mtu wa kuandika na kulinda upakiaji. *Ikikatika*, una sehemu mbili za kutafuta tatizo badala ya moja. Faida yake utaiona siku mtakapobadilisha mfumo wa kuuzia: historia ya miaka yote imebaki kwako.

*Inamfaa* anayehitaji kulinganisha vyanzo viwili au zaidi kila siku, mfano ankara za mfumo dhidi ya fedha zilizoingia Lipa Namba. Kwa chanzo kimoja ni mzigo.

Kwa hali yako

Una duka moja na mhasibu mmoja: faili kwenye OneDrive au Google Sheets. Weka kanuni mbili tu, kwamba vichwa vya kolamu havibadilishwi na CSV haifunguliwi kwa Excel kabla ya kuingia kwenye ripoti.

Una matawi na mfumo mmoja: hifadhidata kwa kuvuta nakala. Malengo ya mauzo yabaki kwenye Excel. Power BI inavipokea vyote viwili kwenye ripoti moja, na hakuna haja ya kuvichagulia upande.

Uko kwenye shirika la afya au utafiti: API, lakini muulize anayesimamia mfumo majedwali ya uchambuzi hujengwa saa ngapi, kisha panga ratiba yako baada ya hapo.

Fedha za simu na ankara hazilingani kila mwezi na mnagombana: ghala, hata dogo la PostgreSQL, linastahili gharama yake.

Bosi anataka "laivu" kwenye simu yake: muulize kwanza ni uamuzi upi atakaoufanya saa tisa mchana ambao hauwezi kungoja kesho asubuhi. Akiwa nao, kama yule anayegawa malori kwa matawi kutokana na saruji iliyobaki stoo, mtengenezee ukurasa mmoja wenye michoro miwili kwa DirectQuery na zingine zote ziwe nakala. Asipokuwa nao, mara 8 kwa siku zitamtosha na hatajua tofauti.

Na kama mkikaa kikao, hakuna anayeweza kutaja jina la mtu atakayepokea barua pepe ya hitilafu na kuifanyia kazi, bakini na faili kwa sasa. Tarehe ya data iwe juu ya ukurasa.